Sura ya 7: Sifuri Hushinda

Ukifungua televisheni ya zamani, ile ya kioo kizito iliyokuwa ikibebwa na watu wawili, utakuta bodi pana yenye chipu chache na njia nyingi za shaba. Sauti, mwanga, rangi na stesheni, kila kimoja kilidai njia yake ya umeme kutoka kwenye kitufe hadi kwenye saketi inayohusika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 televisheni nyingi zilipopata rimoti na kumbukumbu ya stesheni, wahandisi wa Philips huko Eindhoven, Uholanzi, waliona bodi zinajaa. Shida yao haikuwa kasi. Anayeongeza sauti hajali kama amri imefika ndani ya sehemu ya mia au ya milioni ya sekunde. Shida ilikuwa shaba. Kila mstari kwenye bodi unakula nafasi, kila pini ya chipu ina bei yake, na bei hiyo ikizidishwa kwa televisheni milioni moja inageuka pesa ya kutisha.

Itifaki nyingi tutakazozikuta katika sura hii zimezaliwa na ubahili wa aina hiyo. Nalisema mapema kwa sababu vitabu vingi huzieleza kana kwamba zilibuniwa kutafuta mwendo wa haraka, halafu msomaji anabaki akijiuliza mbona baadhi yake ni za polepole hivyo.

Njia rahisi ya kupitisha baiti kati ya chipu mbili ni kuipa kila biti waya wake. Baiti ina biti 8, basi weka nyaya 8, na baiti nzima ivuke kwa mkupuo mmoja. Kebo za printa za zamani zilifanya hivyo, ndiyo maana plagi zake upande wa kompyuta zilikuwa na pini 25. Njia ya pili ni kuziweka biti kwenye foleni zipite moja moja katika waya mmoja. Ukishakubali foleni, maswali mawili yanazaliwa papo hapo. Anayepokea atajuaje biti moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi? Na wakiwa wengi kwenye waya huo, nani aseme na nani anyamaze?

Jibu kongwe la swali la kwanza ni kukubaliana kasi mapema, kisha kila mmoja ahesabu kwa saa yake. Ndivyo unavyofanya mlango uitwao UART, ambao unapatikana karibu katika kila maikrokontrola. Waya ukiwa kimya hukaa juu, tuseme volti 3.3. Anayetaka kusema anaushusha hadi sifuri kwa muda wa biti moja, na hiyo ndiyo hodi. Zinafuata biti 8 za ujumbe, ile yenye thamani ndogo ikitangulia, kisha waya unarudi juu kwa muda wa angalau biti moja. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, ambayo ndiyo iliyozoeleka, biti moja hudumu mikrosekunde 104. Herufi A, ambayo kwa hesabu za kompyuta ni 65, inatoka hivi: chini kwa hodi, juu mara moja, chini mara tano, juu, chini, na juu ya kufungia.

Mpokeaji akisikia hodi anaanza kuhesabu na kuchungulia katikati ya kila biti. Saa mbili haziendi sawa kamwe, lakini hapa hazilazimiki kwenda sawa sana. Biti ya kufungia inachunguliwa baada ya muda wa biti tisa na nusu tangu hodi ianze. Saa zikipishana kwa chini ya asilimia 5 hivi, jicho bado litaangukia ndani ya biti inayotakiwa. Hodi inayofuata inafuta tofauti yote na hesabu inaanza upya. Utaratibu huu wa kuanza na kusimama ni urithi wa mashine za telegrafu zilizochapa herufi, na kipimo cha kasi yake, baudi, kimepewa jina la Mfaransa Émile Baudot, aliyepata hataza ya telegrafu yake mwaka 1874.

Modemu ndogo za GSM, zile zinazofichwa ndani ya vifaa vya kufuatilia magari, huongea hivyo mpaka leo. Unazitumia herufi AT, zinakujibu OK, kwa desturi iliyoanzishwa na modemu ya kampuni ya Hayes ya Marekani mwaka 1981. Ubaya wa UART ni kwamba ni mazungumzo ya watu wawili tu, na waya wa kutuma wa mmoja lazima uingie kwenye pini ya kupokea ya mwenzake. Ukiunganisha kutuma kwa kutuma, wote wanasema na hakuna anayesikia, na hilo ndilo la kwanza kukaguliwa bodi mpya inapokuwa bubu. La pili ni volti. Mlango wa RS-232 wa kompyuta za zamani, ambao sanifu yake ilitoka Marekani mwaka 1960, unaruhusiwa kupanda hadi volti 15 chanya na kushuka hadi 15 hasi. Uchomeke moja kwa moja kwenye chipu ya volti 3.3, na ujiandae kununua chipu nyingine.

Motorola, katika miaka hiyohiyo ya 1980, waliona hakuna haja ya kubahatisha muda ilhali unaweza kuongeza waya wa saa. Hiyo ndiyo SPI. Chipu kiongozi inapiga mapigo kwenye waya mmoja, na kwa kila pigo biti moja inatoka na nyingine inaingia kupitia nyaya mbili za kwenda na kurudi. Waya wa nne unaichagua chipu inayosemeshwa. Kwa kasi SPI haina mpinzani katika sura hii, maana biti makumi ya mamilioni kwa sekunde ni jambo la kawaida kwake. Lakini kila chipu unayoongeza inadai waya wake wa kuchaguliwa, kwa hiyo chipu kumi zitataka nyaya 13. Jingine ni kwamba hakuna anayeitikia. Kiongozi anaweza kuisomea chipu iliyokufa kutwa nzima na kupokea moja tupu au sifuri tupu asijue kama amejibiwa au la.

Fundi wa laptopu anaijua tabia hiyo vizuri. Programu ya kwanza inayoiamsha kompyuta hukaa mara nyingi kwenye chipu ya SPI yenye miguu minane, na ikiharibika fundi anaibana chipu kwa klipu na kuisoma kwa kifaa cha bei nafuu kilichochomekwa USB. Kifaa kinaanza kwa kuuliza, kwa amri ya baiti moja, 9F: wewe ni nani? Chipu nzima itajibu kwa baiti tatu, kwa mfano EF 40 17. EF ni kiwanda cha Winbond, 40 ni aina, na 17, ikisomwa kwa namba za msingi wa 16, ni 23, yaani idadi ya baiti ni 2 kwa kipeo cha 23, ambazo ni megabaiti 8. Jibu likiwa FF FF FF, hakuna chipu duniani yenye jina hilo. Klipu haijashika.

Turudi Eindhoven. Walichokitoa Philips mwaka 1982 kinaitwa I2C, na kwa maoni yangu ni moja ya mbinu nadhifu kuliko zote katika elektroniki, hasa kwa sababu unaweza kuieleza bila hesabu. Nyaya ni mbili tu kwa chipu zote: mmoja wa saa, mwingine wa ujumbe. Siri iko kwenye jinsi zinavyotumiwa. Kila waya umefungwa kwenye volti chanya kupitia rezista, mara nyingi ya ohmu 4,700, na rezista hiyo ndiyo inayouweka juu. Chipu hairuhusiwi kabisa kuusukuma waya juu. Inaruhusiwa mambo mawili, kuuvuta chini au kuuachia. Ni kamba ya kuanikia nguo: imetungikwa, mtu yeyote aliye uani anaweza kuivuta chini, na itapanda tu pale watu wote watakapoiachia.

Kutokana na kanuni hiyo ndogo mambo mengi yanajipa yenyewe. Chipu mbili zikisema kwa wakati mmoja hazichomani, kwa sababu hakuna inayosukuma wakati nyingine inavuta. Na zikitofautiana, moja ikitaka sifuri na nyingine ikitaka moja, waya utasomeka sifuri. Sifuri hushinda daima. Mshindwa naye anajua kwamba ameshindwa, kwa kuwa ameuachia waya na bado anauona uko chini.

Tuione kazini. Chukua DS3231, chipu inayohesabu saa kama ya ukutani, iliyo kwenye bodi nyingi za wanafunzi na za viwandani, inayopotea kwa kama dakika moja tu kwa mwaka. Anwani yake ni 104, ambayo kwa biti saba ni 1101000. Kiongozi anataka kujua sekunde. Kwanza anaushusha waya wa ujumbe huku wa saa ukiwa juu. Katika mazungumzo ya kawaida waya wa ujumbe haubadiliki saa ikiwa juu, kwa hiyo tendo hilo haliwezi kuchanganywa na biti, nalo maana yake ni moja tu: sikilizeni wote. Kisha anatoa biti saba za anwani na ya nane iliyo sifuri, yaani “nataka kuandika”. Kwenye pigo la tisa kiongozi anauachia waya na kutazama. Kama DS3231 ipo na ni nzima, itauvuta chini. Hiyo ndiyo “naam” yake. Waya ukibaki juu, hakuna mwenye anwani hiyo, au yupo lakini amekufa, au waya umekatika.

Akipata itikio, kiongozi anataja namba ya chumba anachotaka, 0, ambamo sekunde zimehifadhiwa. Anapiga tena ishara ya kuanza, anaita anwani ileile na safari hii biti ya nane ni moja, yaani “nataka kusoma”. DS3231 inajibu 0100 0101. Tarakimu zake zimewekwa nne nne, kwa hiyo hiyo ni 4 kisha 5: sekunde ya 45. Kiongozi hamwitikii tena, ishara kwamba ametosheka, halafu anauachia waya wa ujumbe upande huku saa iko juu. Mazungumzo yamefungwa. Kwa kasi ya awali ya I2C, biti 100,000 kwa sekunde, yote haya yamekula chini ya nusu ya milisekunde.

Biti saba zinatoa anwani 128, na 16 kati yake zimetengwa kwa matumizi maalumu, zinabaki 112. Zinaonekana nyingi mpaka uanze kununua. Viwanda huchapa anwani ndani ya chipu, na anwani zinagongana. MPU-6050, chipu ya kupimia mwendo na mwinamo, nayo imezaliwa na 104. Iweke kwenye nyaya moja na DS3231, na ukiita 104 zitaitika zote mbili, kisha majibu yao yatachanganyika kwa kanuni ileile ya sifuri kushinda, na utasoma namba isiyo ya saa wala ya mwendo. Watengenezaji wa MPU-6050 walilifikiria hilo wakaacha mguu mmoja ambao ukiunganishwa na volti chanya anwani inakuwa 105. Si chipu zote zenye huruma hiyo.

Kuna ugonjwa mwingine wa I2C unaowatoa watu jasho. Maikrokontrola ikizimika na kuwaka ghafla katikati ya usomaji, chipu iliyokuwa inajibu haina habari. Imeuvuta waya chini kwa sababu biti yake ni sifuri, nayo inasubiri pigo linalofuata ambalo halitakuja. Kiongozi mpya anaukuta waya uko chini, anadhani kuna anayeongea, anangoja. Wote wanangojana mpaka mtu achomoe umeme. Dawa ni kumfundisha kiongozi kupiga mapigo tisa matupu kila anapoamka, ili aliyekatizwa amalize baiti yake na auachie waya. Ni mistari michache tu ya programu, na bidhaa nyingi zinauzwa bila kuwa nayo.

I2C haikubaki kwenye televisheni, ingawa haikuondoka pia. Ndani ya kebo ya HDMI, pini ya 15 na ya 16 ni I2C. Kabla picha haijatokea, kompyuta inaita anwani 80 na kuisoma skrini ukubwa wake na kiwanda kilichoitengeneza. Hata hivyo waya mrefu ni adui yake. Kadiri waya unavyorefuka ndivyo unavyobeba chaji nyingi zaidi, na rezista ile dhaifu inachelewa kuupandisha, mpaka moja inasomeka sifuri.

Gari lina nyaya ndefu, na kelele za umeme za plagi, alteneta na mota. Bosch wa Ujerumani walianza mwaka 1983 kutafuta njia ya kuziunganisha kompyuta za gari bila kuongeza mafungu ya nyaya ambayo tayari yalikuwa mazito, na Februari 1986 waliitangaza kazi yao mjini Detroit. Iliitwa CAN. Walichukua wazo la sifuri kushinda wakalivalisha nguo za kazi. Nyaya mbili zimesokotwa pamoja. Pakiwa kimya zote zinakaa karibu na volti 2.5. Anayesema sifuri anaupandisha mmoja hadi 3.5 hivi na kuushusha mwingine hadi 1.5. Mpokeaji hapimi volti ya waya, anapima tofauti kati ya nyaya mbili, kwa hiyo kelele inayozipata zote kwa pamoja inajifuta yenyewe.

Badiliko kubwa zaidi ni kwamba kwenye CAN hakuna anayeitwa kwa anwani. Ujumbe unabeba namba ya habari yenyewe, na atakayeihitaji ataichukua. Namba hiyo ina biti 11, nayo ndiyo inayoamua nani apite kwanza. Tuseme kompyuta ya breki inatuma ujumbe namba 100 na ya redio inatuma namba 300, zote zimeanza kwa mpigo mmoja. 100 inaanza 000, 300 inaanza 001. Biti mbili za kwanza zinafanana, hakuna anayejua kwamba ana mwenzake. Kwenye ya tatu redio inasema moja, inasoma waya, inaona sifuri, inanyamaza hapo hapo. Breki inaendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Hakuna ujumbe ulioharibika na hakuna muda uliopotea. Redio itajaribu tena robo ya milisekunde baadaye.

Gharama yake ni urefu. Ili mshindwa aione sifuri ya mwenzake kabla biti haijaisha, ishara lazima ifike mwisho wa waya na kurudi ndani ya biti moja. Kwa kasi ya biti milioni moja kwa sekunde, waya hauwezi kuzidi mita 40 hivi.

CAN pia ina nidhamu ambayo I2C haijui. Yeyote anayeona ujumbe una kosa anauvunja kwa kutoa sifuri sita mfululizo, kitu ambacho ujumbe halali hauwezi kuwa nacho, na mtumaji anarudia. Kila kompyuta inajiwekea hesabu ya makosa. Kila jaribio la kutuma likiharibika inajiongezea pointi 8, likifaulu inajipunguzia 1, na ikifika 256 inajitoa yenyewe kwenye nyaya.

Magari mengi yanayotumika Afrika Mashariki yamekuja yakiwa yametumika Japani, na fundi anayepima gari kwa kompyuta anachomeka kifaa chake chini ya dashibodi na kujiunga na mazungumzo hayo. Akiuliza mizunguko ya injini, kifaa kinatuma ujumbe namba 7DF wenye maneno 01 0C. Kompyuta ya injini inajibu kwa namba 7E8: 41 0C 0B E0. Baiti mbili za mwisho, kwa namba za kawaida, ni 11 na 224. Zidisha 11 kwa 256, ongeza 224, gawanya kwa 4, unapata 760, injini imetulia kwenye sailensa.

Kifaa kikitoa kosa U0100, maana yake kompyuta ya injini haisikiki, na hapo wengi hukimbilia kununua kompyuta nyingine. Kabla ya hapo mita ya kawaida ingetosha. Kila mwisho wa nyaya za CAN una rezista ya ohmu 120, na mbili sambamba ni 60. Zima gari, pima kati ya pini ya 6 na ya 14 ya soketi ile. Ukisoma karibu na 60, njia kuu haijakatika. Ukisoma 120, upande mmoja umekatika, pengine kwa kutu ya maji yaliyoingia kwenye plagi au kwa waya uliokatwa na aliyefunga alamu.

Kitu kimoja Bosch hawakukiweka, kwa sababu mwaka 1986 hakuna aliyekidai: CAN haiulizi ujumbe umetoka kwa nani. Mwaka 2015 watafiti wa usalama Charlie Miller na Chris Valasek walionyesha kwamba wanaweza kuingia kwenye Jeep Cherokee kupitia mtandao wa simu na kuchezea injini na breki, na kampuni iliyolitengeneza ikaita magari milioni 1.4 yarekebishwe. Wezi walipata njia fupi zaidi. Aprili 2023 Ken Tindell, mtaalamu wa CAN, alieleza jinsi Toyota RAV4 ilivyoibwa London: walivuta taa ya mbele, wakaunganisha kifaa kwenye nyaya za CAN zilizoifikia taa, na kifaa kikatangaza kwamba ufunguo halali umeonekana. Kompyuta za gari zilipaswa kuweza kuuvunja ujumbe wa kughushi kwa sifuri zao sita. Kifaa kilikuwa na saketi ya ziada iliyozishika nyaya kwa nguvu, sifuri za wengine zisiweze kushinda.

Tiba ni kila ujumbe kubeba saini ya siri ya aliyeutuma. Lakini ujumbe wa CAN ya kwanza unabeba baiti 8 tu, na saini ya kutegemewa inaweza kuzimaliza zote. CAN FD, ambayo Bosch waliitoa mwaka 2012, inabeba hadi baiti 64.